Mi nipo na yule aliyegoma kusaini

Kila nikisikia watu wanawasifia wale jamaa 39 waliosaini katiba ya Marekani tarehe 17 Septemba 1787, akili yangu inaenda kwa watu watatu waliokuwa mle mle ndani, siku ile ile, na wakakataa kushika kalamu. Edmund Randolph, Elbridge Gerry na George Mason. Na katika hao watatu, wangu mimi ni Mason.

Ila kwanza tuweke mambo sawa maana hapa watu wengi wanachanganya. Uhuru walitangaza 1776, katiba hii tunayoizungumzia ni 1787, katikati pale kuna miaka 11 ambayo nchi ilikuwa inaenda kwa kubahatisha. Walikuwa na mkataba wa kwanza wa shirikisho, majimbo 13, bunge moja, hakuna rais wa kuongoza serikali, hakuna mahakama ya shirikisho ya maana, na bunge lenyewe halina uwezo wa kutoza kodi, linaomba michango majimboni kama kamati ya harusi inavyoomba, anayetoa anatoa anayekausha anakausha. Na ukitaka kubadilisha kitu lazima majimbo yote 13 yakubali, kwa hiyo ka-Rhode Island kamoja tu kakisema hapana, basi. Madeni ya vita yamelundikana, askari waliopigana hawajalipwa vizuri, halafu kuanzia Agosti 1786 wakulima wa Massachusetts wakiongozwa na askari mstaafu Daniel Shays wakaanza kuzifunga mahakama kwa nguvu ili zisiwanyang'anye mashamba kwa ajili ya madeni. Hapo ndo wenye mali wakashtuka kweli kweli.

Wakaitana Philadelphia Mei 1787. Wajumbe waliohudhuria kwa nyakati tofauti ni 55, kutoka majimbo 12, Rhode Island hawakutuma mtu. Kazi waliyotumwa ilikuwa kuufanyia marekebisho mkataba wa zamani, wao wakafika wakautupa pembeni wakaanza upya, milango imefungwa, madirisha yamefungwa, kiangazi kile na makoti yale ya kwao, na hakuna ruksa ya kwenda kusimulia nje kilichosemwa ndani. James Madison ndo alikuwa anaandika kila kitu kwenye daftari lake, na daftari lenyewe watu walikuja kulisoma 1840, yeye keshakufa.

Mabishano ya majimbo makubwa na madogo sitakaa nayo sana, hiyo inasimuliwa kila siku. Wakubwa walitaka viti kwa idadi ya watu, wadogo walitaka usawa, tarehe 16 Julai wakagawana: nyumba moja ya bunge kwa idadi ya watu, Seneti kila jimbo sawa, kwa kura za majimbo 5 kwa 4 na Massachusetts imegawanyika katikati. Yaani huo mfumo unaofundishwa vyuoni dunia nzima ulipita kwa jimbo moja tu. Rais naye wakazunguka wiki na wiki, achaguliwe na bunge, achaguliwe na wananchi, akae muda gani, mpaka wakaishia kwenye kile kitu cha wajumbe maalum wa kumchagua rais ambacho mpaka leo Wamarekani wenyewe wanakilalamikia.

Na utumwa. Hapo hakuna cha kupamba. Mtumwa akahesabiwa tatu ya tano ya mtu ili mabwana wa kusini wapate viti vingi zaidi bungeni, biashara ya kuingiza watumwa ikakingwa isiguswe mpaka 1808, na mtumwa akitoroka akakimbilia jimbo jingine arudishwe kwa mwenyewe. Halafu wakawa na aibu ya kulitaja, neno lenyewe la utumwa hulikuti katika maandishi yale ya 1787, wamezunguka zunguka tu "watu wengine" na "mtu mwenye wajibu wa kutumika". Mtu anayeficha neno anajua anachofanya.

Sasa Mason. Huyu alikuwa mzee wa Virginia, tajiri wa mashamba, jirani na rafiki wa siku nyingi wa George Washington. Yeye ndo mwandishi mkuu wa Tamko la Haki la Virginia la Juni 1776, kwa hiyo mambo ya haki za raia hakuyasikia barabarani. Alikaa Philadelphia kiangazi chote, alichangia sana, si mtu wa kususa tangu mwanzo. Ila kadiri siku zilivyokwenda akawa anaona serikali inazidi kunenepa na raia hajawekewa kinga yoyote. Mwisho wa Agosti akasema bora aukate mkono wake wa kulia kuliko kuusainisha ile katiba kama ilivyo.

Tarehe 12 Septemba, watu wamechoka, wanataka kwenda kwao, Mason akasimama akasema tuweke orodha ya haki mbele ya katiba, itatuliza wananchi, na ni kazi ya masaa machache tu maana majimbo mengi tayari yanazo za kwao. Gerry akatoa hoja rasmi. Roger Sherman wa Connecticut akajibu kwamba haina haja, matamko ya majimbo yanatosha. Ikapigwa kura: majimbo 10 yakakataa, hakuna hata moja lililokubali. Hata Virginia kwao wakamkatalia.

Masaa machache! Hapo mi huwa nakumbuka kikoba chetu. Niliwahi kuwa katibu, tukaandika katiba yetu, kurasa nne, siku ya kusaini mama mmoja akagoma, anataka kiongezwe kifungu kwamba mwanachama akifukuzwa arudishiwe hisa zake. Tukamuona mkorofi, watu wana njaa, chai imepoa, yeye analeta vifungu. Tukaongeza ili mradi twende nyumbani. Baada ya mwaka na kitu aliyefukuzwa alikuwa mwenyekiti mwenyewe, na kifungu alichokimbilia ni hicho hicho. Sijawahi kumcheka mtu anayechelewesha kikao tena.

Lakini nisiwe muonevu, waliokataa orodha ya haki walikuwa na hoja, na si ya kijinga. Alexander Hamilton aliiandika vizuri katika ile mfululizo wa makala 85 za gazetini walizoandika yeye, Madison na John Jay kuitetea katiba. Anasema hivi, serikali hii imepewa madaraka yaliyotajwa tu, sasa kwa nini useme "usizuie magazeti" wakati hakuna mahali imepewa mamlaka ya kuzuia magazeti? Ukianza kuorodhesha makatazo unawapa watu mwanya. Kwa lugha yetu, ukiandika ukutani usiibe kuku, kesho mtu anabeba mbuzi wako anakwambia mbuzi hukumtaja. Ni hoja nzuri kabisa, tatizo lake ni kwamba anayetawala hajawahi kukosa sababu ya kusema jambo fulani limo ndani ya madaraka yake. Na dawa ya ule wasiwasi wa mbuzi waliipata baadaye, wakaandika kifungu kinachosema kuzitaja haki hizi hakumaanishi wananchi hawana nyingine. Ndo marekebisho ya 9. Kumbe inawezekana.

Mason akachukua nakala yake ya rasimu akaandika nyuma pingamizi zake, la kwanza kabisa likiwa kwamba hakuna tamko la haki. Zikasambaa nchi nzima. Na huku majimboni mambo hayakuwa laini hata kidogo, maana katiba ilihitaji majimbo 9 ili ianze. Massachusetts ilipita Februari 1788 kwa 187 dhidi ya 168, tena baada ya kukubaliana kwamba watapendekeza marekebisho. Virginia, Mason na Patrick Henry wakipinga, 89 kwa 79. New York 30 kwa 27. North Carolina wakagoma kabisa raundi ya kwanza, wakaingia Novemba 1789 baada ya kuona bunge limeshapitisha mapendekezo ya haki. Rhode Island waliingia Mei 1790 kwa kura 34 kwa 32, Washington keshakuwa rais mwaka mzima. Mtu akikwambia Wamarekani walikaa wakaelewana, muonyeshe hizo namba.

Na aliyebadilika ni Madison mwenyewe. Huyu alikuwa anaona orodha za haki ni ukuta wa karatasi, mwenye nguvu anaupita tu. Lakini alipogombea ubunge dhidi ya James Monroe wapiga kura wakambana, akaahidi, na Juni 1789 akasimama bungeni akaleta marekebisho. Bunge likapeleka 12 majimboni, yakapita 10 kufikia Desemba 1791. (Moja la kuhusu mishahara ya wabunge lililala miaka 200 likaja kupita 1992, baada ya mwanafunzi mmoja wa Texas kulifufua, insha yake ya chuo kuhusu hilo jambo ikiwa imepewa alama C. Walimu bwana.)

Sisemi karatasi ilimaliza kazi. Miaka saba tu baadaye, 1798, walipitisha sheria ya kuwafunga watu kwa kuikosoa serikali, mbunge Matthew Lyon wa Vermont akafungwa na akachaguliwa tena akiwa ndani. Na wala sisemi wagomaji ni malaika. Gerry huyu huyu akiwa gavana wa Massachusetts 1812 alisaini ule mchoro wa mipaka ya uchaguzi wa kukibeba chama chake, umbo la eneo moja likafanana na mjusi, na jina lake mpaka leo ndo Wamarekani wanaitia huo mchezo. Randolph aligoma kusaini, halafu majimboni akageuka akaunga mkono. Mason ndo anauma zaidi. Mle kikaoni aliiita biashara ya watumwa ya kishetani, akasema kila mwenye watumwa huzaliwa dikteta mdogo, na nyumbani kwake Gunston Hall alikuwa na watumwa wengi tu na hakuwaachia. Tena mwaka uliofuata alilalamika kwamba katiba haijalinda vya kutosha hao hao watumwa kama mali. Kwa hiyo nikisema ni wangu, nasema na hilo nikilijua.

Kwetu huku hii stori iko karibu kuliko inavyoonekana. Tanganyika ilipata uhuru 1961 bila orodha ya haki ndani ya katiba, wakubwa wetu walihofia itawafunga mikono wakati wa kujenga nchi, tukakaa hivyo mpaka marekebisho ya 1984, na mahakama zikaanza kuitumia 1988. Kenya walienda njia nyingine. Mwaka 1960, mazungumzo ya Lancaster House London, Tom Mboya na wenzake walimleta mwanasheria mweusi wa Marekani, Thurgood Marshall, awe mshauri wao, akawaandikia rasimu ya haki ambayo ingewalinda hata wazungu na Wahindi waliokuwa wachache. Mtu aliyetoka kwenye kesi za ubaguzi kusini mwa Marekani anamwandikia mlowezi kinga yake!

Marshall huyo akaja kuwa jaji wa kwanza mweusi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, 1967. Mwaka 1987 nchi nzima ikiwa inashangilia miaka 200 ya katiba, yeye alitoa hotuba kule Hawaii akasema serikali iliyoundwa Philadelphia ilikuwa na kasoro tangu mwanzo, na kwamba yeye ataiadhimisha katiba kama kitu kilicho hai, pamoja na zile haki za 1791 na marekebisho mengine yaliyofuata. Kitukuu cha mtumwa, kinaadhimisha kipande ambacho mwenye watumwa wa Gunston Hall aliomba kiandikwe kwa masaa machache na majimbo 10 yakamkatalia.