Si Kila Deni la Msomaji ni Halali

Wasomaji wa riwaya za Anne Rice tulioko hapa Kigoma tumerudi kwenye ugomvi ambao wenzetu wa Marekani waliuanza zamani, kwa kuwa vitabu vya mwisho vya mfululizo wake wa wanyonya damu vimetufikia kwa kuchelewa, vikiletwa kimoja kimoja kutoka Dar es Salaam ndani ya mabegi ya wasafiri wa treni. Kinachogombewa zaidi ni Prince Lestat and the Realms of Atlantis, kilichotoka mwaka 2016. Wengi wamekikataa. Nakubaliana nao kwamba kina kasoro kubwa, lakini sababu wanayoitoa siikubali, na tofauti hiyo si ndogo kwa mtu anayependa kusoma.

Sababu yao ni kwamba Lestat, mnyonya damu aliye mhusika mkuu wa mfululizo huo, amebadilika. Kijana mmoja fundi wa boti wa Kibirizi alimwambia mwalimu mstaafu aliyemwazima kitabu hicho: “Mzee wangu, mimi nilimpenda Lestat alipokuwa hamsikilizi mtu. Sasa ameketi barazani anaamua kesi kama mwami wa Heru.” Maneno hayo, yenye kumfananisha na mtawala wetu wa jadi, yalitoka moyoni, na yeyote aliyeishi na mhusika kwa miaka atayaelewa. Hata hivyo, tukumbuke mfululizo wenyewe ulivyoanza. Mwaka 1976, katika Interview with the Vampire, msimulizi ni Louis, mnyonya damu mwenzake, naye anamchora Lestat kuwa katili asiye na kina wala huruma. Miaka tisa baadaye, mwaka 1985, katika kitabu cha pili, Lestat anashika usimulizi, anamkanusha Louis na kutufungulia utoto wake wa umaskini katika ngome ya baba yake huko Ufaransa, na ghafla yule tuliyemchukia anakuwa ndiye tunayemfuata. Lestat tunayemlilia leo alizaliwa kwa badiliko lililowaudhi, nina hakika, baadhi ya waliomwamini Louis. Msomaji aliyefaidi badiliko la kwanza atasimama wapi kulilaani la pili kwa sababu tu ni badiliko?

Naelewa pia kwa nini kitabu cha kwanza kinawashika watu hadi hawataki kukiachia. Rice alikiandika baada ya kumpoteza binti yake Michele, aliyefariki kwa saratani ya damu mwaka 1972 kabla hajatimiza miaka sita, na ndani yake yumo Claudia, mtoto wa umri huohuo anayegeuzwa mnyonya damu na kubaki katika mwili wa kitoto huku akili yake ikikua. Huku kwetu wengi tulikua tukitishwa na habari za mumiani, mtu anayekamata watu usiku ili damu yao iuzwe, na katika masimulizi yale mumiani hakuwa na dhamiri. Alikuwa na mshahara. Kukutana na Louis, anayekunywa damu na kujihukumu kila ukurasa, kulikuwa jambo jipya kabisa kwetu. Huzuni ile ni ya kweli, na kitabu kinachofuata kikiikosa, msomaji huhisi amedhulumiwa.

Ndiyo maana siwalaumu waliokasirika mwaka 2003, Blood Canticle kilipotoka. Lestat wa kitabu kile anaanza kwa kuwagombeza wasomaji wake wenyewe, kisha anaongea kwa misemo ya mitaani ambayo haikai kinywani mwake. Waliosema hawamtambui hawakuwa wakimkataza kubadilika. Walikuwa wakisema sauti imevunjika bila hadithi kueleza imevunjwa na nini. Mume wa Rice alikuwa amefariki mwishoni mwa mwaka 2002, na mtu mwenye utu atalipima hilo kabla ya kutoa hukumu. Lakini mwaka 2004 Rice mwenyewe aliwajibu wakosoaji hadharani, katika duka la mtandaoni la Amazon, kwa maelezo marefu na makali, akisema kwamba haruhusu mhariri kukata sentensi zake, na kwamba asiyeridhika amrudishie kitabu arudishiwe fedha. Naamini alikosea. Msomaji aliyemfuata tangu 1976 hakuwa akidai fedha zake, na mhariri mwema angeweza kuiokoa sauti ile kabla kitabu hakijafika dukani.

Sasa nije kwenye kosa la kitabu cha 2016. Mwaka 1988, katika kitabu cha tatu, Rice aliweka kanuni ambayo ulimwengu wake wote uliiegemea: roho iitwayo Amel iliingia katika mwili wa Akasha, malkia wa Misri ya kale, na kutoka kwake wanyonya damu wote wakaunganishwa kama nyuzi za wavu mmoja, hivi kwamba anayeibeba roho hiyo akifa, wote wanakufa. Nakala tunayoizungusha hapa mjini imeshonwa upya mgongoni kwa uzi wa nyavu, na kurasa zinazoeleza kanuni hiyo zimelegea kuliko zote kwa kufunguliwafunguliwa. Mwaka 2014, baada ya ukimya wa miaka kumi na moja, Prince Lestat kilimpa Amel sauti, akawa anawanong’oneza wakongwe wawachome vijana. Wapo waliolalamika, nami nadhani hawakusoma kwa makini, kwa sababu mbegu ya jambo hilo ilikuwa ardhini tangu 1988. Roho yenye kiu ilikuwa haina budi siku moja kusema.

Mwaka 2016 ni habari nyingine. Tunaambiwa kwamba asili ya Amel inahusu Atlantis na viumbe waliotengenezwa katika sayari ya mbali, na mwishowe, kwa utaalamu wa viumbe hao, Amel, ambaye wakati huo anabebwa na Lestat, anatolewa mwilini mwake na kile kiungo cha wote kinakatika bila wote kufa. Hofu tuliyoibeba kwa vitabu vingi inamalizwa na elimu iliyoingia mlangoni juzi. Hapo ndipo msomaji ana haki kamili ya kudai, kwa sababu kanuni aliiweka mwandishi mwenyewe, akatufanya tuitetemekee, kisha akaifuta kwa zana isiyotoka ndani ya ulimwengu aliouumba.

Labda tunamdai Lestat abaki vilevile kwa sababu tulilelewa na mashujaa wa namna ya mpelelezi Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mzaliwa wa mkoa huu, ambaye kila kesi tulimtarajia aje na ujanja uleule na tukafurahi kumkuta nao. Riwaya za upelelezi zinaruhusu hilo. Rice alichagua njia ngumu zaidi, ya mhusika anayebeba yaliyompata kutoka kitabu hadi kitabu, na alibaki nayo hadi Blood Communion cha mwaka 2018, miaka mitatu kabla hajafariki. Mle ndani mnyonya damu mkongwe Rhoshamandes anawateka Louis, Marius na Gabrielle, mama yake Lestat. Naye Lestat, yule mkuu wa baraza ambaye fundi wetu hamtaki, anaamini wameuawa. Lestat wa 1985, aliyekuwa hamsikilizi mtu, asingekuwa na wengi hivyo wa kupoteza.