Kama kdump haijawashwa, seva ikifa inazikwa na siri yake

Wadau, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Siku hizi nikiitwa ofisi yoyote kusaidia seva za Linux, naanza na swali moja tu, kdump mmewasha? Yaani ile huduma ya Linux inayohifadhi dampu, picha ya kumbukumbu ya mashine, pale inapokufa. Na karibu kila mara jibu ni hapana, au iliwashwa siku ya kuinstoo afu hakuna aliyewahi kuijaribu, na mi naona hizo mbili hazina tofauti.

Kuna sehemu nilifanya kazi zamani tulikuwa na seva ya database inakufa usiku, si kila usiku, mara mbili kwa wiki hivi. Asubuhi unaikuta skrini imeganda, mistari ya juu ambayo ndo yenye maana imeshapanda na kupotea, imebaki ile ya chini isiyokuambia kitu. Tunabonyeza kitufe cha pawa, inawaka, unafungua logi unakuta zinaishia saa nane na dakika kadhaa usiku, kimya, afu mstari unaofuata ni wa asubuhi inapowaka. Tukasema umeme huo, tukabadilisha UPS. Tukasema RAM, tukabadilisha RAM. Wiki tatu nzima, na kila tulipobonyeza kile kitufe tulikuwa tunafuta ushahidi kwa mikono yetu wenyewe.

Maana ukweli ni kwamba logi za kawaida haziwezi kukusaidia hapo. Keneli, yaani kiini cha Linux kinachoendesha mashine yote, ikikutana na hitilafu ndogo, ile inaitwa oops, mara nyingi inaua prosesi iliyohusika afu inaendelea kuchechemea, na ujumbe unawahi kufika kwenye logi. Paniki, pale keneli inaposhindwa kabisa na kusimama, ni habari nyingine. Ujumbe wa paniki unaandikwa kwenye bafa, sehemu ya kuwekea ujumbe kwa muda iliyoko ndani ya RAM, ileile unayoisoma kwa amri ya dmesg, na anayeihamishia kwenye diski ni programu ya kawaida kama journald au rsyslog, sasa keneli ikishasimama hizo programu hazipati tena zamu, na RAM ukiizimia umeme inasahau kila kitu. Utauliza kwa nini keneli isijiandikie yenyewe kwenye diski kabla ya kufa. Kwa sababu hapo hakuna anayejua kilichoharibika ni nini, inawezekana ni draiva ya diski hiyohiyo, ukiiacha iandike inaweza kuchafua na data zako zilizokuwa salama. Mtu aliyezimia humwambii ajipeleke hospitali.

Jibu la Linux kwa hili mimi nalipenda sana. Tangu toleo 2.6.13 la mwaka 2005 kuna kexec, inayoiwezesha keneli kuirukia keneli nyingine moja kwa moja bila kupitia BIOS, kwa hiyo yaliyomo kwenye RAM hayapotei. Kdump imejengwa juu ya hapo. Mashine inapowaka unatenga kipande cha RAM, tuseme kwa kuandika crashkernel=256M kwenye mipangilio ya kuwasha keneli, ndani yake inapakiwa keneli ya pili inayokaa imelala tu, ya kwanza haitumii kile kipande kwa kazi zake. Siku ya paniki ile ya pili inaamka, nzima, na draiva zake safi, na inaiona RAM yote ya marehemu kama faili moja, /proc/vmcore. Programu ya makedumpfile inainakili kwenda /var/crash huku ikiruka kurasa (vipande vidogo vya RAM) zisizohitajika, zenye sifuri tupu, za kashe, za programu za watumiaji na zile zilizo wazi, afu mashine inajiwasha upya yenyewe.

Sisi tulipoiwasha, usiku wa tatu ikanasa. Nikafungua dampu kwa programu ya crash pamoja na vmlinux, faili la keneli lenye taarifa za kudibagi (lazima iwe ya keneli ileile kabisa, toleo likipishana kidogo tu haikubali), nikaandika bt, amri inayoonyesha mfuatano wa fanksheni zilizokuwa zinaendeshwa, na pale juu ikatokea fanksheni ya draiva ya kadi ya netiweki ambayo tuliipakua na kuikompaili wenyewe. Hata mstari wa Tainted ulikuwa na herufi O, maana yake kuna moduli imetoka nje ya keneli. Tukarudisha draiva iliyokuja na keneli, seva ikatulia. Kusoma hakukuzidi nusu saa.

Wanaosema inakula RAM, MB 256 kwenye seva ya GB 64 haifiki hata nusu ya asilimia moja. Hoja ninayoiheshimu ni ya usiri. Dampu ni picha ya kumbukumbu ya mashine, na hata ukiacha kurasa za watumiaji bado funguo za usimbaji zilizo ndani ya keneli zinaweza kubakia humo, kwa hiyo usimtumie mtu dampu nzima ovyoovyo. Anza na vmcore-dmesg.txt inayokaa pembeni yake, mara nyingi inatosha. Na kifaa chako kikiwa kidogo, RAM ya kutenga hakina, tazama pstore na ramoops, hizo zinahifadhi maneno ya mwisho tu ya keneli kwenye kijisehemu cha RAM kinachovuka riboot, simu za Android zimekuwa zikitumia njia hiyo.

Ubuntu kuanzia 24.10 wanaiwasha wenyewe kwenye mashine zenye uwezo wa kutosha, nimefurahi kweli. Ila wewe mwenye seva ya zamani usisubiri. Iwashe kdump, tafuta muda ambao hakuna anayeitumia seva, ingia kama root, andika echo c > /proc/sysrq-trigger, itakufa hapohapo kwa makusudi. Ikirudi nenda /var/crash. Ukikuta patupu, mara nyingi kile kipande ulichotenga hakikutosha, ongeza crashkernel, riboot, iue tena mpaka uione vmcore kwa macho yako.