Asili ya Wagiriki wa Kale: Maswali Mawili Yaliyofungwa Kamba Moja

Mjadala kuhusu asili ya Wagiriki wa kale una pande mbili zinazojulikana. Upande mmoja husema kwamba Kigiriki ni lugha ya jamii ya Kihindi-Kiulaya, ndugu wa Kilatini na Kisanskriti, kwa hiyo waliokizungumza walishuka kutoka kaskazini wakiwa na ustaarabu wao mkononi. Upande wa pili, ambao umepata wafuasi wengi barani Afrika tangu maandishi ya mwanahistoria Cheikh Anta Diop wa Senegal katika miaka ya 1950, husema kwamba Misri ndiyo iliyofundisha na Wagiriki ni wanafunzi waliosahau kumtaja mwalimu. Pande zote mbili zina ushahidi, ila mmoja unathibitisha jambo la lugha na mwingine jambo la ustaarabu, nayo hayalazimiki kutoka mahali pamoja.

Kuhusu lugha, jibu liko wazi. Mwaka 1952 Michael Ventris, msanifu majengo Mwingereza, alifumbua mwandiko wa Linear B uliochorwa kwenye vibao vya udongo vilivyofukuliwa Knossos, katika kisiwa cha Krete, na Pylos upande wa bara. Yeye mwenyewe alikuwa ametarajia kukuta lugha nyingine kabisa, lakini alikuta Kigiriki, tena kikongwe kuliko kile cha mshairi Homer kwa karne tano hivi. Vibao vyenyewe havina shairi wala hekaya. Ni hesabu za kondoo, mafuta na magurudumu, kazi ya makarani wa ikulu. Hata hivyo, humo yamo majina ya miungu ya Kigiriki Poseidon, Hera na Dionysos. Isitoshe, baba kwa Kigiriki ni *patēr*, kwa Kilatini *pater*, kwa Kisanskriti *pitar*, na ulinganifu huo hauishii kwenye msamiati bali unaingia hadi katika mnyambuliko wa vitenzi, mahali ambapo lugha huazima kwa nadra sana. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunalielewa jambo hili bila kufundishwa: tunahesabu sita, saba na tisa kwa maneno ya Kiarabu, lakini ngeli na viambishi vyetu vinatutambulisha kuwa Wabantu wa lugha.

Hapo upande wa kwanza ungepaswa kusimama, lakini huendelea mbele na kudai kwamba lugha ilipotoka ndiko ustaarabu ulikotoka pia. Kigiriki chenyewe kinawakana. Neno lake la bahari, *thalassa*, halina asili ya Kihindi-Kiulaya. Ndivyo yalivyo pia majina yanayoishia na *-nthos* na *-ssos*, kama Korinthos na Parnassos, na hata *asaminthos*, birika la kuogea. Watu waliofika na neno lao la farasi, kisha wakaazima neno la bahari na la birika, bila shaka walikuta wenyeji waliokuwa wakisafiri majini na kuoga vizuri. Waminoa wa Krete walikuwa na makasri karne kadhaa kabla ya Kigiriki kuandikwa, na mwandiko wao wa Linear A, ambao haujasomeka hadi leo, ndio uliozaa Linear B. Uchunguzi wa vinasaba uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba Waminoa na watu wa Mycenae, yaani Wagiriki wa bara wa enzi ya Linear B, walikuwa na sehemu kubwa ya nasaba kwa pamoja, ile ya wakulima wa kale wa Anatolia magharibi (Uturuki ya leo) na visiwa vya Aegean, huku watu wa Mycenae wakiwa na sehemu ndogo ya ziada yenye chimbuko la kaskazini.

Deni kwa Mashariki na Misri nalo halikanushiki. Mwanahistoria Mgiriki Herodotus aliandika waziwazi kwamba herufi zililetwa na Wafoinike, watu wa pwani ya Lebanon ya leo, na majina yake yanamuunga mkono: alfa na beta hayana maana kwa Kigiriki, ila kwa Kisemiti, jamii ya lugha za Kifoinike na Kiarabu, ni ng'ombe na nyumba. Wagiriki waliongeza irabu, jambo ambalo si dogo. Neno *kanōn* lina mzizi wa Kisemiti wenye maana ya tete. Kutoka Kigiriki liliingia Kiarabu, na sisi tukalipokea likiwa kanuni. Mwaka 1982 yaligunduliwa karibu na rasi ya Uluburun, Uturuki, mabaki ya meli iliyozama katika karne ya 14 KK ikiwa na tani kumi za shaba, pembe za ndovu, kito chenye jina la malkia Nefertiti, na magogo ya mpingo. Ndiyo, mpingo huuhuu wanaouchonga Wamakonde. Wagiriki waliuita mti huo *ebenos*, neno walilolipata Misri.

Ndiyo maana naona hukumu juu ya Martin Bernal, msomi Mwingereza aliyeanza mwaka 1987 kutoa juzuu zake tatu kuhusu mizizi ya Kiafrika na Kiasia ya Ugiriki, inapaswa kugawanywa. Alipoonyesha kwamba wasomi wa Ulaya wa karne ya 19 waliusukuma kando mchango wa Wamisri na Wafoinike kwa sababu zilizochanganyika na ubaguzi wa rangi, alisema kweli iliyohitaji kusemwa. Alipodai kwamba karibu nusu ya msamiati wa Kigiriki unatokana na Kimisri na Kisemiti, na kwamba jina la mungu wa kike Athena ni "Nyumba ya Neith" la Kimisri, Neith akiwa mungu wa kike wa Misri, wanaisimu walimkatalia kwa haki, kwa kuwa kufanana kwa sauti kusikofuata utaratibu hakuthibitishi undugu wala uazimaji. George James wa Guyana alikosea zaidi mwaka 1954, alipodai kwamba Aristotle alichota falsafa kutoka maktaba ya Alexandria: Aristotle alifariki mwaka 322 KK, kabla maktaba hiyo haijaanzishwa.

Ushahidi ninaouona mzito zaidi ni mdogo kwa umbo. Katika vibao vya kondoo vya Knossos limo jina la mchungaji mmoja, *a-ku-pi-ti-jo*, yaani "Mmisri", na neno hilo linatokana na jina la hekalu la mungu Ptah mjini Memphis, Misri. Karani alilinyambua kwa kanuni za Kigiriki na kuliandika kwa alama zilizotoka kwa Waminoa, kisha akahesabu kondoo.