Siku 52 za Nehemia na Miezi Iliyozitangulia

Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi wa kanisa ameisikia kauli hii: "Tuanze tu kwa imani, Bwana atatoa." Anayeisema hupigiwa makofi. Anayeuliza fedha za kupandisha ukuta zitatoka wapi msingi ukishakamilika huonekana mtu wa hesabu za kibinadamu, na wapo watakaomwambia usoni kwamba imani yake ni haba. Huyu wa pili tunamwonea.

Wanaotaka kuanza mara moja wanayo Maandiko. Makuhani walitia miguu Yordani ukiwa umefurika, ndipo maji yakasimama. Gideoni alikuwa na watu 32,000, akabakiziwa 300. Mhubiri anaonya kwamba mwenye kuuangalia upepo hatapanda. Tena sharika nyingi zilianzia chini ya mwembe, na waanzilishi wake wangedai bajeti kamili kwanza, pengine wasingekusanyika hata Jumapili moja. Nimeona pia kamati zikiahirisha kikao baada ya kikao hadi ari ya waumini ikapoa. Hilo ni kosa, na silitetei.

Ila mtu anayetajwa kuliko wote kwenye harambee zetu ni Nehemia, aliyeujenga ukuta wa Yerusalemu kwa siku 52. Hesabu hiyo hutolewa kama ushahidi wa kasi ya imani. Naomba tuisome na kalenda mkononi.

Habari za ukuta uliobomoka zilimkuta Shushani, mji wa mfalme wa Uajemi, mwezi wa Kisleu, yaani wa 9 kwa kalenda ya Kiyahudi. Alisema na mfalme Artashasta mwezi wa Nisani, yaani wa 1. Hapo katikati ipo miezi kama minne, na anatuambia kwamba alilia, akafunga, akaomba. Lakini mfalme alipomuuliza anataka nini, hakubabaika. Muda wa safari aliutaja. Aliomba barua za kuwapa maliwali wa ng'ambo ya Mto Frati, wampitishe. Aliomba na barua ya kumpa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apate miti ya malango, ya ukuta na ya nyumba atakayokaa. Mtu aliyeomba tu bila kuulizia lolote angelijuaje jina la mtunza msitu?

Ukuta ulikamilika tarehe 25 Eluli, mwezi wa 6. Hesabu siku 52 kurudi nyuma, unaangukia mwanzoni mwa mwezi wa 5. Kwa hiyo, tukilifuata simulizi kama linavyosomeka, tangu habari zimfikie hadi jiwe la kwanza kuwekwa ni karibu miezi minane, na ujenzi wenyewe haukutimiza miwili. Kila siku moja ya mawe na chokaa ilitanguliwa na siku nne na ushee za maombi, barua na safari. Sisi tumezishika siku 52, zile nyingine tumeziacha.

Hata alipofika hakukimbilia kazi. Alikaa siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache na mnyama mmoja tu, akipitia lango la bondeni na lango la jaa, akiukagua ukuta. Karibu na lango la chemchemi mnyama wake akakosa pa kupita. Hilo hakuna barua ingeweza kumwonyesha. Wakuu wa mji walikuwa bado hawajui lolote. Alipokuja kusema nao, kila kundi lilipata kipande chake, na baadhi walijenga mkabala wa nyumba zao wenyewe.

"Msisumbukie ya kesho" alisema Bwana yuleyule aliyeuliza ni nani atakayejenga mnara bila kuketi kwanza kuhesabu gharama. Kusumbuka ni jambo moja na kuketi ni jingine.

Niliwahi kuwa kwenye kamati iliyoanza kwa imani. Harambee moja ilifana, tukachimba msingi wiki iliyofuata. Fedha zikaisha kabla ya jamvi, yaani zege la sakafu. Mvua zikaingia, saruji ikaganda stoo ndani ya mifuko yake, na nondo zikabaki zimesimama zikila kutu. Baada ya ibada moja, bibi mmoja alinishika mkono tukiwa karibu na ule msingi. Alikuwa ameleta kuku wake mnadani, na ninajua hakuwa na wengine. Akaniuliza, "Mwanangu, kuku wangu yuko wapi hapa?" Hakuwa na hasira. Alitaka kuonyeshwa tu. Sikuwa na cha kumwonyesha.

Tangu siku ile, nikisikia kwamba makadirio yanapunguza imani, namfikiria yule bibi. Imani kwenye ujenzi ule alikuwa nayo yeye, aliyetoa vyote. Sisi tuliopokea tulipaswa kuketi na kuhesabu kwa niaba yake.

Tuliporudia kazi tuliomba kwanza, tukamleta fundi apime upya, tukaorodhesha kila kitu hadi bawaba za milango. Mzee mmoja wa kanisa alisimama akasema tunaichelewesha kazi ya Bwana. Ni mtu wa maombi, na bidii yake naiheshimu. Nilimwomba kabla hatujajibizana twende wote kwenye msingi wa zamani. Jioni ile tulizunguka pembe zote nne, na kila tulipofika kwenye nondo aliigusa, akautazama mkono wake.