Leseni ya msaidizi wa tiba kazi haivuki mpaka wa jimbo

Makala niliyoyasoma yanasema kwamba msaidizi wa tiba kazi (tiba ya kumwezesha mgonjwa kufanya shughuli zake za kila siku) nchini Marekani, akishafaulu mtihani wa NBCOT, yaani bodi ya taifa inayowathibitisha watu wa fani hii, anaweza kufanya kazi popote. Naomba kusahihisha hapo, kwa kuwa mimi mwenyewe ni msaidizi. Mtihani ni mmoja kwa nchi nzima, lakini leseni hutolewa na kila jimbo, na kila jimbo lina masharti yake kuhusu ada, masomo ya kujiendeleza na namna mtaalamu wa tiba kazi anavyopaswa kumsimamia msaidizi wake. Nilipohama jimbo nilikaa wiki saba nikisubiri leseni, ilhali mzee niliyepangiwa kumhudumia, aliyepooza mkono wa kulia kwa kiharusi, bado alikuwa akifungiwa vifungo vya shati na mjukuu wake. Sipingi usimamizi hata kidogo: tathmini na mpango wa tiba ni wajibu wa mtaalamu, na utaratibu huo humlinda mgonjwa. Ninachoomba ni kwamba majimbo yaliyosalia yajiunge na mkataba wa pamoja wa leseni, unaokusudiwa kumwezesha mwenye leseni ya jimbo moja mwanachama kufanya kazi katika mengine, ambao Virginia ilitangulia kuupitisha mwaka 2021, na ambao unawahusu wataalamu na wasaidizi vilevile.