Shemeji Ahesabiwe au Asihesabiwe?

Mimi ni mtu wa Tanga, na nilipokuwa nikisoma shule ya msingi mzazi alipeleka debe la mahindi na kilo kadhaa za maharage, mwanafunzi akabeba kuni mbili tatu kwapani, na ilipofika saa nne uji ulikuwa umeiva. Mwalimu aliandika katika daftari nani ameleta na nani hajaleta, mambo yakaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza marehemu baba yangu anaishi na watu wangapi, wala kama yule shangazi aliyekuja kwa msiba wa mwaka juzi bado yupo au ameondoka. Maswali hayo yalikuwa yananisubiri mimi, huku Iowa, Marekani.

Tulipokuwa tukikaa Des Moines mjini, watoto wangu watatu walikula shuleni asubuhi na mchana bila mimi kuandika hata herufi moja, kwa sababu shule yao ilikuwa katika ule mpango ambao, wanafunzi wa kutosha wakishajulikana kwamba wanatoka katika kaya za kipato kidogo, shule nzima hulishwa bure, mtoto wa daktari na mtoto wa dobi sahani moja. Mimi nilidhani ndiyo desturi ya Marekani. Kumbe ilikuwa desturi ya mtaa ule tu. Katika kiangazi cha 2025 mke wangu aliipenda nyumba moja ya kupanga katika kitongoji cha mbali kidogo, yenye vyumba vitatu na nyasi mbele, nasi tukahamia katikati ya mashamba ya mahindi. Tumezungukwa na mahindi hadi macho yanapoishia, na sijawahi kuona hata muhindi mmoja ukichomwa na kupakwa ndimu na pilipili, kwa kuwa yale, nimeambiwa, ni ya nguruwe, ya ng'ombe na ya kutengenezea mafuta ya magari. Gari la jirani yangu linakula mahindi. Wanangu wakadaiwa.

Nasema walidaiwa kwa maana kamili ya neno. Haikupita hata wiki ya tatu tangu shule ifunguliwe, nikapokea ujumbe kwenye simu kwamba akaunti za chakula za watoto zimeshuka chini ya sifuri na kwamba kwa pamoja wamekula dola 93. Kitinda mimba wangu yuko darasa la pili, bado anafunga viatu kwa kusaidiwa, na tayari ana deni. Nilimwita, nikamuuliza amekula nini cha thamani hiyo. Alifikiri kwa makini, akasema, "Baba, ilikuwa piza, lakini siyo nzuri."

Ndipo mke wangu alipoleta fomu ya kuomba chakula cha bure au cha bei iliyopunguzwa, akaiweka mezani, akaweka na kalamu juu yake kama mtu anayeweka kisu juu ya embe. Fomu ni moja kwa kaya nzima, hilo lilinifurahisha. Sehemu ya watoto niliimaliza kabla chai haijapoa. Sehemu ya pili inasema kwamba kama mnapokea msaada wa chakula wa serikali, andikeni namba ya jalada lenu na mruke moja kwa moja hadi kwenye sahihi. Jirani yetu wa zamani, mzee wa Bukavu, hata huko kuandika hakukumhusu, kwani ofisi ziliwasiliana zenyewe kwa zenyewe na watoto wake wakaanza kula. Sisi hatumo katika msaada huo, kwa hiyo ilitubidi tushuke ngazi moja moja hadi chini kabisa, mahali panapoulizwa habari za kaya.

Kaya, kwa mujibu wa fomu, ni kila mtu anayeishi nanyi na kushiriki nanyi mapato na matumizi, hata kama si ndugu. Niliisoma sentensi hiyo, nikainua macho, nikamtazama shemeji kwenye kochi.

Shemeji, mdogo wake mke wangu, alikuja kwetu kwa wiki mbili ili kupumzisha akili. Wiki hizo mbili zilianza Oktoba ya mwaka uliotangulia, na sisi tulikuwa tunajaza fomu Septemba. Tulipohama, kochi lilipakiwa garini yeye akiwa wa mwisho kuliachia. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini wahenga hawakuwahi kuishi na mama wa mgeni huyo katika nyumba hiyohiyo, na mama mkwe wangu tunaishi naye. Basi nikajiuliza, kwa uaminifu kabisa, kama shemeji anashiriki mapato na matumizi. Katika matumizi hakuna ubishi, ameshiriki bila kukosa hata siku moja. Katika mapato ndiko tulikokuwa tukimsubiri.

"Baba," alisema mama mkwe, ambaye alikuwa anachambua mchele wa dukani usio na hata jiwe moja, "huyo si mtu? Mtu na afya yake anakaa ndani, wewe unatafuta kumfuta?"

Nikamwandika. Nilipofika kwenye jina la mama mkwe mwenyewe nilikumbuka vile vyumba viwili vyake vya kupangisha Makorora, kule Tanga, maana fomu inataka mapato ya kila mtu mzima, kodi za nyumba zikiwemo.

"Mama, na ile kodi ya Makorora?"

"Kodi gani, baba? Mpangaji ameezeka bati tatu, sasa yeye ndiye ananidai mimi."

Niliandika 0. Maelezo yanasema kwamba hata ukiacha wazi unahesabiwa umethibitisha kuwa hakuna kipato, kwa hiyo ni afadhali sifuri iliyoandikwa kwa mkono wa mtu kuliko uwazi unaosema peke yake.

Zikabaki pesa zetu wawili. Fomu haiulizi unapata nini, inauliza unalipwa kiasi gani kabla ya makato, yaani inataka habari za mshahara ambao mimi mwenyewe sijawahi kukutana nao. Ninayemjua ni yule mdogo wake anayefika benki. Isitoshe, inataka uweke alama kuonyesha kama unalipwa kila wiki, kila wiki mbili, mara mbili kwa mwezi au mara moja kwa mwezi. Mimi ghalani nalipwa dola 1,450 kila wiki mbili, nikaweka alama kwenye mara mbili kwa mwezi, kwa kuwa ninavyojua mwezi una wiki nne na nne ukigawa kwa mbili unapata mbili. Mke wangu, ambaye yeye ndiye hasa hulipwa mara mbili kwa mwezi, dola 850, alinisogelea kwa upole unaoogopesha.

"Mume wangu, ya kila wiki mbili inazidishwa kwa 26. Ya mara mbili kwa mwezi inazidishwa kwa 24. Umetupunguzia dola 2,900."

Dola 2,900! Nimefanya kazi ghalani miaka minne na hakuna siku niliyoamka nikazikuta, lakini kwenye fomu zipo, zina afya njema, na zinahesabiwa. Nilifuta alama, nikaandika nyingine, na tukajumlisha dola 58,100 kwa mwaka.

Sasa hapa naomba msomaji atulie, kwa sababu ndipo shemeji alipopanda cheo. Kwa mwaka wa masomo wa 2025–26, kaya ya watu sita hupata chakula cha bure kama mapato yake hayazidi dola 56,095. Sisi tumezidi. Lakini kaya ya watu saba mpaka wake ni dola 63,245. Yule mtu aliyelala pale na soksi moja, kwa kuwepo tu na kutofanya lolote, ameusogeza mpaka wetu kwa dola 7,150. Nilimtazama kwa jicho ambalo sikuwahi kumtazama nalo tangu alipoingia nyumbani kwangu. Usiku ule nilimpa paja la kuku.

Asubuhi, fomu ikiwa imejaa yote isipokuwa sahihi yangu na zile tarakimu nne za mwisho za namba ya hifadhi ya jamii, shemeji aliamka saa kumi na mbili. Alioga, akanyoa ndevu, akasimama sebuleni, akatangaza kwamba amepata kazi katika kiwanda cha nyama, dola 610 kwa wiki. Mama mkwe alipiga vigelegele na mke wangu akalia. Watoto waliruka juu ya kochi, ambalo kwa mara ya kwanza lilikuwa tupu na bado lina umbo la mjomba wao. Ndani ya nyumba nzima ni mimi peke yangu niliyekuwa kama nimefiwa, nikizidisha 610 kwa 52 pembeni mwa gazeti. Jumla yetu ilifika dola 89,820, na mpaka wa bei iliyopunguzwa kwa watu saba ni dola 90,003. Tulibaki ndani ya mpaka kwa dola 183 tu.

Jibu lilikuja ndani ya zile siku 10 za kazi zilizoahidiwa: bei iliyopunguzwa, senti 40 kwa chakula cha mchana na senti 30 kwa cha asubuhi, na deni la nyuma libaki palepale. Senti 40 si pesa nyingi, nakiri, na sitaki kuonekana mtu wa kulalamika. Ila mtambo wa kulipia kwa kadi hukata dola 2.75 kila ninapoweka pesa, hata nikiweka dola 5, hivyo tumbo la kompyuta linashiba kabla ya mtoto. Na mtoto akifika mwisho wa foleni ni lazima sahani yake iwe na tunda au mboga, naye huchukua tofaa, hulitia mkobani, hulileta nyumbani. Watoto watatu, tofaa tatu, siku tano. Mama mkwe amekwisha kutengeneza achari ya tofaa, maji ya tofaa na kitu kingine cha tofaa ambacho hatujakipa jina, na mimi nashushia vyote.

Oktoba ikaja barua nyingine. Maombi yetu yamechaguliwa kuhakikiwa, tulete hati za mshahara za watu wazima wote. Mimi ambaye sijapata kushinda hata kanga katika bahati nasibu ya harusi nilishangaa sana, mpaka dada wa ofisi ya chakula aliponieleza kwenye simu kwamba wanaotazamwa kwanza ni wale ambao mapato yao yako karibu na mpaka, tofauti isiyozidi dola 1,200 kwa mwaka. Sisi tulikuwa na 183. Kama ningekuwa fukara zaidi wasingeniona, na kama ningekuwa na nafasi zaidi nisingewaandikia.

Nilikusanya hati zangu na za mke wangu, nikaenda sebuleni kudai za shemeji. Ilikuwa saa tano za asubuhi, siku ya kazi. Alikuwa kwenye kochi, blanketi hadi kidevuni.

"Shemeji, hati za mshahara."

"Ile kazi nimeiacha Jumatatu, shemeji. Ndani ni barafu, nje ni barafu. Mtu anapumzika wapi?"

Nilifungua mdomo ili niseme yale niliyokuwa nimeyahifadhi kwa mwaka mzima, kisha nikaufunga, kwa sababu hesabu ilikuwa imekwisha kujipiga yenyewe kichwani. Watu saba. Dola 58,100. Niliandika barua ya maelezo kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote, nikaambatanisha uthibitisho kutoka kiwandani kwamba mtu huyu hafanyi kazi tena kwao, nikapeleka mwenyewe kabla ya tarehe 15 Novemba, ambayo ndiyo mwisho wa uhakiki. Wiki iliyofuata tulijibiwa kwamba watoto wote watatu watakula bure hadi mwisho wa mwaka wa masomo.

Nilisoma barua hiyo kwa sauti mezani. Shemeji alisikiliza hadi mwisho, akavuta sahani ya wali karibu yake, akaniambia, "Unaona, shemeji? Watoto wako nawalisha mimi."

Mama mkwe akamwongezea mchuzi.