Subaru ya turbo: petroli ya ziada inalinda injini hadi wapi?

Subaru ya turbo ikishabadilishwa ekzosi na kuongezewa presha ya hewa ambayo turbo inasukuma ndani ya injini, ubishi wa kwanza kwa fundi huwa mmoja: dereva akikanyaga mpaka mwisho, injini ipewe petroli kiasi gani? Kwa hesabu, kilo 14.7 za hewa zinatosha kuunguza kilo 1 ya petroli yote. Hakuna anayetuni turbo kwa namba hiyo ikiwa na mzigo mzito. Wenye hofu hushuka hadi 11, wengine hata 10.5, maana namba ikishuka petroli inazidi. Wanaosaka nguvu hubaki 12 au juu yake kidogo.

Hoja ya wenye hofu ina uzito. Petroli ya ziada hunyonya joto inapogeuka mvuke, silinda ikapoa, na injini ikachelewa kuanza kugonga, yaani mchanganyiko kulipuka wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia. Magari haya mengi yalitoka Japani yakiwa yamepangiwa petroli ya oktani (kipimo cha kustahimili kugonga) inayokaribia 100, na ile ya kawaida kwenye vituo vya Kenya haifiki hapo. Kugonga chini ya presha kubwa huvunja pistoni pale penye ringi, na bili yake huwa ni injini nzima.

Ila ukizidisha, petroli hiyo hiyo huosha oili kwenye kuta za silinda, huteremka na kuifanya nyepesi mno oili iliyo chini, na beringi ndizo zinazolipa. Plagi hujaa masizi, nguvu hushuka. Kibaya zaidi kwangu ni kwamba petroli nyingi huficha makosa ya kazi: taimingi (wakati plagi inapotoa cheche) iliyosogezwa mbele mno, au intakula, kipozeo cha hewa ya turbo, isiyopoza tena. Injini inayogonga mara nyingi hutulia ukirudisha taimingi nyuma digrii 2 au 3, bila kumwaga tangi.

Na kuna wale wanaoweka vali ya kupumulia nje, inayoachia hewa ya turbo dereva akiondoa mguu, kwa ajili ya ule mlio wa “chuuu”. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, kompyuta imeshaihesabu hewa hiyo na inatoa petroli yake, kumbe hewa imeachiwa barabarani. Moshi mweusi unaotoka wakibadilisha gia unatokana na hesabu hiyo, wala haumlindi mtu yeyote.

Wa 12 nao wasibezwe. Kwenye injini yenye pistoni za kufuliwa (forged), intakula kubwa na petroli nzuri, namba hiyo inafanya kazi. Tatizo ni kwamba nguvu inayopatikana kutoka 11.5 kwenda 12 ni kidogo, na nafasi ya makosa inapungua sana. Pampu ya mafuta ikianza kuchoka, utajikuta kwenye 13 bila kujua, hasa kama unategemea sensa ya oksijeni ya zamani inayosoma vizuri karibu na 14.7 tu. Kwa gari la barabarani ningekaa kati ya 11.3 na 11.7 kwenye presha yote, nirudi 14.7 gari likitembea taratibu, kisha taimingi iamue yaliyobaki. Sensa ya kusoma mchanganyiko kwa upana iwekwe kabla ya kununua turbo kubwa.

Jambo linalosahaulika zaidi ni mwinuko. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na presha ya hewa yake ni kama 0.83 kwa kipimo cha baa. Wastigeti ya kawaida, vali inayodhibiti presha ya turbo, huhesabu presha juu ya ile ya nje, kwa hiyo baa 1 ya turbo Nairobi ni baa 1.83 ndani ya injini. Teremka Mombasa na baa hiyo hiyo 1 inakuwa takribani 2.01, yaani hewa inakaribia kuzidi kwa asilimia 10, tena katika joto la pwani linalochochea kugonga. Injekta (vinyunyizio vya petroli) zilizotuniwa Nairobi zikiwa tayari kwenye asilimia 95 ya uwezo wake haziwezi kufidia hewa hiyo. Ile 11.5 inaweza kusomeka 12 ukikanyaga baada ya Mariakani, karibu na Mombasa. Anayesafiri na gari lake ama aombe injekta kubwa zaidi, ama apunguze presha kabla ya kushuka.